Bunia–Beni: dakika 25 angani, siku nzima njiani



Mwezi uliopita dada mmoja wa promosheni ya nyuma yetu aliniandikia kutoka Beni: "Yaya, nimeitwa kwa testi ya kazi Bunia, siku ya nne, 9h00 kamili. Watu wananiambia ndege inafanya dakika ishirini na tano tu. Nikipanda ile ya asubuhi, si nitafika?"

Nilimjibu palepale: usijaribu. Lakini jibu bila maelezo si jibu la msomi, na najua wengi wetu tunauliza swali hilohilo kila tunapoitwa kwa kazi, kwa utafiti, au tunapotaka kutuma kitu ambacho kinaoza au kinakufa haraka. Mimi mwenyewe niliwahi kuamini zile dakika 25, na vifaranga 71 vilikufa kwa sababu ya imani hiyo. Basi leo tufanye hesabu pamoja, kutoka mwanzo. Haitaki kompyuta. Inataka karatasi, kalamu, na hisabati ya sekondari ambayo wote tulipita nayo.

Kwanza: umbali wa angani

Kila kiwanja cha ndege kiko na anwani yake duniani, yaani latitudo na longitudo. Kile cha Bunia kiko karibu na 1°34′ kaskazini na 30°13′ mashariki. Kile cha Beni, pale Mavivi, kiko karibu na 0°34′ kaskazini na 29°28′ mashariki. Namba hizi unazipata kwenye simu yako, ukigusa mahali kwenye ramani.

Sasa kumbuka jambo moja. Mzunguko wa dunia ni kama kilomita 40,000. Ukigawa kwa digrii 360, kisha kila digrii kwa dakika 60, unapata kilomita 1.85 kwa dakika moja ya latitudo. Hicho ndicho kipimo ambacho marubani na mabaharia wanaita maili ya bahari: mita 1,852. Hawakukiokota hewani. Ni kipande cha dunia yenyewe.

Toa basi latitudo ya Beni kwenye ile ya Bunia: 1°34′ kutoa 0°34′ inabaki digrii moja, yaani dakika 60. Toa na longitudo: 30°13′ kutoa 29°28′ inabaki dakika 45. Kwa hiyo Beni iko maili 60 kusini ya Bunia, na maili 45 magharibi yake.

Hapa sisi watu wa ikweta tuko na bahati. Dakika moja ya longitudo inapungua urefu kadiri unavyoenda mbali na ikweta. Pale Paris ni kama kilomita 1.2 tu. Lakini huku kwetu, kati ya digrii sifuri na mbili, inalingana na ile ya latitudo, tofauti haionekani. Kwa hiyo hatuna haja ya hesabu ngumu za duara. Tunachora pembetatu yenye pembe mraba na kumwita mzee Pythagoras:

60 mara 60 ni 3,600.
45 mara 45 ni 2,025.
Jumla ni 5,625, na kipeo chake cha pili ni 75.

Maili 75 za bahari. Zidisha kwa 1.852, unapata karibu kilomita 139. Huo ndio umbali wa ndege kati ya Bunia na Beni. Ni ile pembetatu ya 3, 4 na 5 ambayo mwalimu wetu wa hisabati alipenda sana, imelala pale juu ya Irumu kama mtu aliyeiweka kwa makusudi.

Pili: kwa nini hatuendi kwa barabara

Kilomita 139 si kitu. Mtu angeuliza: mbona msichukue gari? Barabara inashuka kutoka Bunia mpaka Komanda kwa RN27, halafu inashika RN4 kuelekea kusini: Luna, Eringeti, Oicha, Mavivi, Beni. Jumla ni karibu kilomita 200. Maana yake kila kilomita ya angani inakuwa kilomita moja na nusu karibu kwa ardhi, kwa sababu barabara inaenda kwanza magharibi kutafuta Komanda kabla haijageuka.

Lakini sisi wote tunajua kwamba si zile kilomita 60 za kuongezeka zinazotuzuia. Ni damu. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na mwaka huohuo magari ya Beni–Komanda yalianza kwenda kwa msafara na kusindikizwa na wanajeshi, na bado msafara ulishambuliwa. Kuna majina ya vijiji kwenye njia ile ambayo mtu wa huku hawezi kuyatamka bila kukumbuka mtu. Kwa hiyo ndege kwetu si starehe ya watu wenye pesa. Mwanafunzi, muuzaji wa pagne, mama anayepeleka mtoto kwa daktari, wote wanatafuta pesa ya tiketi kwa sababu wanataka kufika wakiwa wazima.

Ndiyo maana hesabu hii ni ya maana. Ukiwa na njia moja tu ya kupita, lazima uijue vizuri.

Tatu: kutoka kilomita mpaka dakika

Hapa ndipo kosa la kwanza linaingia. Programu nyingi za kwenye simu zinahesabu kana kwamba kila ndege ni ile kubwa ya kwenda Ulaya, kilomita 800 kwa saa. Gawa 139 kwa 800: dakika 10 na kidogo. Hakuna mtu amewahi kutoka Beni mpaka Bunia kwa dakika 10.

Ndege zinazoonekana kwenye viwanja vyetu ni ndogo, za propela. Let L-410, ile ya watu 19 ambayo wengi mmeipanda, inatembea kama kilomita 335 kwa saa ikiwa imetulia angani, yaani karibu maili 180 za bahari. Cessna Caravan, yenye injini moja, iko karibu na hapo, mara nyingi chini kidogo. Sasa gawa: maili 75 kwa maili 180 kwa saa ni saa 0.417, sawa na dakika 25.

Kumbe zile dakika 25 ni za kweli! Ndiyo, lakini ni dakika za ndege ambayo iko juu tayari na inaenda moja kwa moja. Ndege halisi inaanza kwa kupanda, na ikipanda inaenda polepole. Inamaliza kwa kushuka, kuzunguka ili ishike uwanja kwa upande unaokabili upepo, halafu inatembea chini mpaka pale inaposimama. Kwa safari fupi kama hii ongeza dakika 7 mpaka 10. Siku yangu ya vifaranga niliangalia saa: magurudumu yaliacha ardhi ya Mavivi 14h10, yakagusa ya Bunia 14h42. Dakika 32.

Hesabu ya fizikia inaishia hapo. Sasa inaanza hesabu ya maisha.

Nne: siku yangu ya vifaranga

Tuko watatu, maenjenia wa agronomi bila kazi ya kudumu. Tulikusanya pesa kidogo kidogo, tukajenga banda Bunia, na tukaagiza vifaranga 200 vya kutaga kwa muuzaji mmoja wa Beni anayevipokea kutoka Uganda kwa njia ya Kasindi. Bei ilikuwa dola moja na nusu kwa kifaranga, dola 300 kwa jumla. Makatoni mawili, kila moja vifaranga 100. Kifaranga cha siku moja kina gramu 40 hivi, kwa hiyo na katoni zenyewe haifiki kilo 10. Nilijiambia: mzigo mwepesi, safari fupi, hakuna shida.

Kwa wasiosoma ufugaji, nieleze kidogo. Kifaranga kikitoka kwenye yai bado kina sehemu ya kiini ndani ya tumbo. Ndiyo akiba ya chakula na maji aliyopewa na mama. Kwa sababu ya akiba hiyo kinaweza kusafiri bila kula wala kunywa kwa siku mbili, hata masaa 72 kwa mwisho kabisa. Lakini masaa 72 ni ukuta. Kila saa ya joto na ya kukosa hewa inausogeza huo ukuta karibu zaidi.

Na hapa nilifanya kosa langu la kwanza, ambalo si la ndege hata kidogo: nilianza kuhesabu saa kutoka Beni. Kifaranga hakijui Beni. Saa yake inaanza pale ganda linapopasuka. Vyangu vilitotolewa Uganda siku ya kwanza, usiku wa 22h00 kwa saa yetu. (Angalieni hilo pia: Uganda iko mbele yetu kwa lisaa limoja, na ukiwa Kasindi simu ikishika rezo ya upande wa pili, saa inaruka yenyewe. Muuzaji akikuambia "23h00", muulize ya wapi.) Vilifika Beni siku ya pili jioni. Kwa hiyo siku ya tatu asubuhi, mimi nikiwa nafikiri vinaanza safari, vilikuwa vimekwisha kumaliza karibu nusu ya maisha yake ya akiba.

Siku hiyo ya tatu ilienda hivi:

6h30: natoka nyumbani kwa ndugu yangu Beni, makatoni mbele ya motari, mimi nyuma.
7h00: niko Mavivi, kwa sababu ajansi ilisema tufike mapema. Mizigo inapimwa, majina yanaandikwa, bariere, kitambulisho, bariere ingine.
9h30: saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Hakuna ndege. Inaambiwa kwamba Bunia kuna ukungu, na ndege bado iko kulekule.
12h00: jua limetoka, joto limepanda. Bado tunangoja.
13h40: ndege inatua. Watu wanapiga makofi.
14h10: tunaruka.
14h42: tuko Bunia.
15h30: niko nje, mjini. Mikono mitupu.

Mikono mitupu, kwa sababu makatoni hayakupanda. Nilipoona wanamaliza kushusha mizigo na vifaranga havipo, nikauliza. Nikajibiwa: "Uzito ulizidi. Mizigo ingine itafuata kesho." Hakuna aliyeniambia kabla ya kuruka, wakati ningeweza kushuka nayo.

Toka 6h30 mpaka 15h30 ni masaa 9. Angani nilikaa dakika 32. Hiyo ni asilimia 6 ya siku yangu. Kilomita 139 kwa masaa 9 ni kilomita 15 kwa saa, mwendo wa baiskeli.

Makatoni yalilala usiku kwenye depo, moja juu ya lingine, matundu ya hewa yamebanwa na ukuta. Yalifika Bunia siku ya nne, na nilivifungulia bandani 13h30. Hesabu mwenyewe: kutoka siku ya kwanza 22h00 mpaka siku ya nne 13h30 ni masaa 63 na nusu. Vifaranga 47 vilikuwa vimekufa ndani ya katoni. Vingine 24 vilikufa katika siku tatu zilizofuata, vile ambavyo vilikuwa vimechoka sana hata havikutafuta maji. Jumla 71. Dola 106 na nusu, bila kuhesabu mayai ambayo hayatatagwa kamwe.

Tano: kwa nini mizigo inabaki

Nilikasirika. Baadaye, hasira ilipopoa, nilitafuta kuelewa, na nikakuta kwamba sababu iko kwenye masomo tuliyoyapita sisi wenyewe katika mwaka wa kwanza.

Ndege inabebwa na hewa. Hewa ikiwa nyepesi, mabawa yanabeba kidogo na injini nayo inapumua kidogo. Kiwanja cha Mavivi kiko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kile cha Bunia zaidi ya mita 1,200. Huko juu hewa imepungua tayari. Ongeza joto: hewa ya moto inapanuka, inakuwa nyepesi zaidi. Asubuhi na mapema pale Mavivi, kwa nyuzi 18, hewa inakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko hewa ya kawaida ya pwani ambayo vitabu vya ndege vinaichukua kama kipimo. Mchana, kwa nyuzi 30, inafika asilimia 16.

Asilimia tatu hizo zinaonekana kidogo. Lakini ndege ndogo haina nafasi ya ziada. Ikitaka kuruka kwa hewa nyepesi, inahitaji kukimbia mbali zaidi kwenye uwanja, na uwanja una mwisho. Kwa hiyo rubani anapunguza uzito. Apunguze nini? Abiria wamelipa na wako pale wanapiga kelele. Mafuta hawezi, kwa sababu lazima abaki na ya kumfikisha kwenye kiwanja kingine kama anakoenda kukiwa kumefunga. Kinachobaki ni mizigo. Na mzigo usiopiga kelele ya kutosha ndio wa kwanza kubaki.

Kwa hiyo ule ukungu wa asubuhi kule Bunia ndio uliobakiza vifaranga vyangu, kwa njia ya kuzunguka. Ulisukuma ndege kutoka asubuhi ya baridi mpaka mchana wa joto. Uzito ambao ungepita 9h30 haukupita 14h10. Kampuni haikuwa na kosa katika kupunguza uzito. Kosa lake lilikuwa kunyamaza.

Sita: dirisha la mchana

Kuna kitu kingine kinachokula muda, nacho ni giza. Viwanja vingi vidogo vya huku vinafanya kazi mchana tu. Na sisi mchana wetu hauongezeki. Saa yetu ya mashariki ya Kongo imepangwa kwa mstari wa digrii 30 mashariki, na mstari huo unapita katikati ya Bunia na Beni karibu kabisa. Ndiyo maana kwetu jua linatoka karibu 6h00 na kuzama karibu 18h00 mwaka mzima, na saa sita ya mchana ni saa sita kweli. Ndege iko na masaa 12, si zaidi.

Toa asubuhi ya ukungu. Toa mchana wa mvua ya radi, hasa upande wa Beni ambako milima ya Ruwenzori iko karibu, inakusanya mawingu. Kinachobaki ni dirisha dogo, na ndege moja inagawanya dirisha hilo kwa miji kadhaa. Ikichelewa mji wa kwanza, inachelewa yote. Na mara ingine inaanza kupitia mji mwingine kabla ya kukufikisha wewe: pale umbali wako si tena maili 75, ni jumla ya pande mbili za pembetatu, na kila kutua kunaongeza nusu saa au zaidi chini.

Saba: kanuni ndogo ya kukumbuka

Nikaiandika hivi kwenye daftari langu:

Muda wa safari = muda wa chini + (umbali ÷ mwendo)

Kwa siku njema, muda wa chini kwa njia hii ni kama masaa 4: kutoka nyumbani, kufika mapema, kupimwa, kungoja, kisha kutoka kiwanjani na kufika unakoenda. Dakika 35 za ndege zinaongezeka juu yake. Jumla: masaa 4 na dakika 35.

Sasa linganisha na Bunia–Kisangani. Kiwanja cha Bangboka kiko karibu na 0°29′ kaskazini na 25°20′ mashariki. Fanyeni hesabu ileile: tofauti ni dakika 65 na dakika 293, na jibu ni karibu maili 300 kamili, kilomita 556. Mara nne ya Bunia–Beni! Kwa ndege ileile ndogo ni saa 1 na dakika 40, tuseme saa 1 na dakika 50 pamoja na kupanda na kushuka. Ongeza masaa 4 ya chini: masaa 5 na dakika 50.

Umbali umekuwa mara nne, lakini muda umeongezeka kwa robo tu. Hiyo ndiyo siri ya safari fupi za ndege: kilomita hazina neno kubwa ndani yake. Ukiuliza "ni kilomita ngapi?" au "ndege inafanya dakika ngapi?", unauliza kuhusu sehemu ndogo kabisa ya safari, na ndiyo sehemu pekee isiyobadilika. Uliza badala yake: ndege inalala wapi? Inaanza mji gani asubuhi? Kwa juma inakuja mara ngapi? Ikikosa leo, ingine ni lini? Mtu wa ajansi anayejibu maswali haya manne amekupa muda wako wa kweli.

Nane: tufanye nini basi

Kwa anayeitwa kwa testi ya kazi: fika siku moja kabla, na kama ndege haiji kila siku, panda ile ya kabla ya mwisho, si ya mwisho. Kuchelewa kwa ndege si sababu ambayo ONG itasikiliza wakati kuna madosye mengine hamsini mezani.

Kwa anayetuma sampuli za udongo au za majani kwa laboratwari: udongo uliokaushwa unaweza kungoja wiki, majani mabichi hapana. Yakaushe au yafunge kwenye karatasi, si kwenye plastiki, na uandike tarehe ya kuchuma.

Kwa anayesafirisha vifaranga: anza saa yako kwenye ganda, si kiwanjani. Chukua masaa 72, toa yale yaliyopita tayari, toa 24 kwa ajili ya ndege inayoweza kukosa. Kikibaki chini ya masaa 10, usipakie siku hiyo. Vifungulie hapohapo Beni, vipe maji na chakula na joto siku chache, kisha visafiri vikiwa na nguvu. Na usipande ndege kabla hujaona makatoni yako yanaingia. Simama pale, piga kelele kwa heshima, lakini piga.

Mara ya pili tulifanya hivyo. Vifaranga 200, siku tano Beni kwenye banda la kukodi, makatoni manne badala ya mawili kwa sababu vilikuwa vimekua, na ndege ya kwanza ya asubuhi. Tulilipa zaidi. Vilikufa vinne.

Nirudi kwa dada yetu. Nilipomwambia asafiri siku moja kabla, alinijibu kitu ambacho hakiko katika kanuni yangu: "Yaya, ile siku moja mimi naipata wapi? Kulala ni pesa. Kula ni pesa. Tiketi yenyewe baba ameuza mbuzi." Nilikaa na simu mkononi bila kujua la kuandika. Kumbe muda wa chini unalipwa na mtu, na anayeulipa ghali zaidi ni yule ambaye hana ndugu katika mji anaoenda.

Nikamtafutia mwenzetu mmoja wa chama, mwanamke mwenye chumba cha pili hapa Bunia. Akampokea. Ndege yake iliandikwa 9h00, ikafika 13h20, siku ya tatu. Siku ya nne, 8h30, alikuwa mbele ya mlango wa ofisi, amelala vizuri, amekunywa chai. Matokeo bado hayajatoka, tunangoja.

Lakini nimeona kwamba hili tunaweza kulifanya bila dola hata moja ya mfadhili. Kila mwanachama mwenye godoro la ziada Bunia, Beni, Butembo, Kisangani, aandikishe jina lake kwa katibu wetu. Mtu akiitwa kwa testi, au kwa utetezi wa kazi yake ya mwisho, anajua pa kulala. Ndege hatuwezi kuziharakisha, na ukungu wa Bunia hausikii mtu. Usiku mmoja wa kulala tunaweza kupeana. Mimi wa kwanza: niko na godoro moja, na banda la kuku liko karibu, msishangae jogoo akiwaamsha kabla ya saa.